Vidonge ndani ya kopo la mafuta: kisa cha binti wa miaka 14

Mama alikuwa ameyaandika yote kwenye karatasi ya daftari, asije akayasahau akifika mbele ya daktari. Anapigana shuleni. Jikoni hakai. Ametimiza miaka 14 na bado hajavunja ungo. Sauti inazidi kuwa nzito. Mpira asubuhi, mpira jioni. Na chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo kuliko zile nyingine: anageuka?

Binti mwenyewe alikuwa kwenye benchi kando yake, ushungi ameuvuta mpaka umefunika kidevu. Aliniamkia bila kuinua macho. Namjua tangu ana wiki tano, nimemkatia vidonge vyake kwa wembe kabla hajaota jino, na siku zote alikuwa mtoto wa kunirukia akiniona. Safari hii alikaa kama mtu aliyeletwa kusomewa mashtaka.

Naandika kisa hiki, cha binti mwenye ugonjwa wa kuzaliwa wa tezi, kwa ridhaa yake na ya mama yake, na nimebadilisha mambo kadhaa yasiyogusa ugonjwa ili mtaani asitambulike. Ninaandika kwa sababu kosa kubwa lililomo humu ni letu sisi wa kliniki, mimi muuguzi nikiwemo, na sidhani kama linafanyika kwetu tu.

Turudi nyuma kidogo. Kabla yake alizaliwa kaka yake, mtoto wa kiume aliyeonekana hana kasoro yoyote. Wiki ya tatu akaanza kukataa ziwa, akatapika, akakauka, akafa. Walimzika wakijua ni tumbo. Alipozaliwa binti huyu kwenye zahanati ya jirani, mkunga alimtazama, akamfunika, kisha akamfunua tena. Maumbile ya nje hayakusema wazi kama ni mtoto wa kike au wa kiume. Mkunga alinong'ona tu kwamba wampeleke hospitali kubwa wakipata nafasi, na nafasi haikupatikana mpaka siku ya kumi na mbili mtoto alipoanza kutapika. Mama alikuwa ameshaziona dalili zile mara moja. Hakusubiri kupambazuke. Ujasiri wake wa usiku ule ndio uliomwokoa mtoto, kwa sababu alipofika hospitali sodiamu ilikuwa imeshuka, potasiamu imepanda na sukari imeporomoka. Ultrasaundi ikaonesha kizazi na mifuko ya mayai. Vipimo vya kromosomu vikaja XX, yaani za kike.

Ugonjwa wenyewe kliniki tunauita CAH. Ni ugonjwa wa kuzaliwa wa tezi adrenali, zile tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia. Tezi hizi hutengeneza kotisoli, homoni inayoushika mwili wakati wa homa, njaa na ajali. Hutengeneza aldosteroni inayoizuia chumvi isitoke yote na mkojo. Na hutengeneza androjeni kidogo, homoni za jamii ya kiume ambazo wanawake wote wanazo kwa kiasi chao. Kwa wagonjwa wengi wa CAH jeni iitwayo CYP21A2, iliyo kwenye kromosomu ya 6, ina hitilafu, na kimeng'enya cha kutengenezea kotisoli na aldosteroni hakifanyi kazi. Ubongo ukiona kotisoli haipo unazidi kuzihimiza tezi. Tezi nazo zinavimba kwa juhudi, na kwa kuwa njia ya kotisoli imeziba, malighafi yote inamwagikia upande wa androjeni. Aina kali ya ugonjwa huu huonekana kwa takriban mtoto mmoja katika kila watoto 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na kama robo tatu ya watoto hao hupoteza chumvi.

Mtoto wa kiume mwenye CAH huzaliwa na maumbile ya kawaida, kwa hiyo hakuna anayemshuku, na kama ni wa kupoteza chumvi, asipotibiwa hufa ndani ya wiki za mwanzo. Siwezi kuthibitisha kwamba ndicho kilichompata yule kaka, kaburi lilishafungwa, lakini kila nikikumbuka maelezo ya mama sioni jibu jingine. Mtoto wa kike hufikiwa na androjeni hizo akiwa bado tumboni, na ndiyo maana sehemu za nje huzaliwa zimeelekea upande wa kiume ilhali kizazi na mayai viko kamili.

Tiba ipo, na ni ya maisha. Binti huyu alikuwa anatakiwa ameze haidrokotisoni, dawa ya kufidia kotisoli, mara tatu kwa siku, miligramu 10 asubuhi, 5 mchana, 5 jioni, pamoja na kidonge kidogo cha fludrokotisoni cha kutunza chumvi.

Sasa turudi kwenye benchi.

Presha ilikuwa 88 kwa 54. Vifundo vya vidole na fizi vilikuwa vimekuwa vyeusi kuliko ngozi yake nyingine, na hiyo ni dalili kwamba ubongo unazipigia tezi kelele bila kujibiwa. Chunusi zilikuwa zimejaa kwenye paji la uso na mgongoni. Wakati daktari anaandika, binti alitia mkono kwenye mfuko wa sketi, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akachovya kidole, akalamba. Ilikuwa chumvi. Mama yake alikuwa anamwona na hakushangaa, na simlaumu: huku pwani msichana anayekula embe bichi kwa chumvi na pilipili si habari, kila geti la shule lina muuzaji. Lakini yeye embe hakuwa nalo. Alikuwa anailamba chumvi tupu kama mtoto anavyolamba sukari.

Majibu ya maabara yalirudi mchana. Sodiamu chini, 127, potasiamu juu, 5.8, na testosteroni, mojawapo ya zile androjeni, juu mno. Mama akaapa kwamba dawa anampa yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, na ya mchana anakwenda nayo shuleni. Tukamlaza, akatundikiwa dripu ya chumvi, akachomwa haidrokotisoni.

Usiku wa pili zamu ilikuwa yangu. Saa nane hivi aliniita, akaniomba nimpe begi lake la shule lililokuwa chini ya kitanda. Akatoa kopo la plastiki la mafuta ya nywele, akalifungua, akanipa. Lilikuwa limejaa vidonge vyeupe, vingine vimepukutika kuwa unga, vingine vimegandana kwa mate ya siku nyingi. Nilihesabu mpaka 160, nikaacha.

"Unavificha chini ya ulimi?"

"Ndiyo, Sista."

"Sasa mbona hukuvitupa?"

"Baba anakesha baharini kuvinunua."

Nilikaa kitandani pembeni yake. Nikamwuliza kwa nini basi havimezi, na alichukua muda mrefu kabla hajajibu. Alisema vidonge vile ndivyo vya kumfanya awe mwanamke. Akivimeza ataishiwa mbio, mpira utamshinda, atakaa ndani kama wenzake wanavyokaa. "Nilifikiri nikiacha nitabaki mimi," alisema. Nikamwuliza nani alimwambia maneno hayo. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nyie."

Asubuhi nilikwenda masjala nikalitoa faili lake, la miaka 14, nene kama msahafu. Nililisoma lote nikiwa nimesimama. Ana miaka minne: anacheza na wavulana, mama ashauriwe. Ana miaka saba, na huu mwandiko ni wangu, naujua: bado anapenda mpira, amehimizwa asaidie kazi za jikoni, dawa ziendelee. Ana miaka 11: tabia za kike zimeanza kuonekana, amesuka nywele. Ukurasa baada ya ukurasa tulikuwa tumepima wanasesere, sketi na mwiko sambamba na sodiamu, kana kwamba vyote vinatibiwa na kidonge kimoja. Na kila mara nilipomkabidhi mfuko wa dawa nilimwambia maneno yaleyale, kwa upendo kabisa: meza mwanangu, uje uwe mwali mzuri. Mtoto mwenye akili alinisikiliza, akanielewa vizuri sana, na alipofika umri wa kuamua mambo yake akaamua.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Wazazi walileta "tabia za kiume" wakidhani ndizo ugonjwa. Sisi tulikuwa tumewafundisha hivyo kwa miaka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unamwua polepole mbele yetu, chumvi mfukoni, presha chini, huku wote tukimtazama miguu yake uwanjani.

Ile karatasi ya mama niliirudia tena, mara hii pamoja na daktari wetu, ambaye alisomea homoni za watoto Nairobi, kwenye mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya madaktari wa nchi za Afrika. Tukayagawa yale aliyoyaandika. Sauti kuwa nzito, ndevu za kidevuni, chunusi, hedhi kutokuja: haya ni ya damu, ni androjeni zilizopanda kwa sababu dawa haimezwi. Dawa ikirudi, mengi yatarudi, ila sauti ikishashuka haipandi tena, na hilo tuliona ni haki aambiwe waziwazi. Mpira na kutopenda jikoni: haya hayatibiwi, hayakuwa ugonjwa jana na hayatakuwa kesho. Yalibaki mapigano, ambayo hatukujua tuyaweke wapi mpaka tumwulize mwenyewe.

Barua ya mwalimu ilisema amempiga mwenzake bila sababu. Binti alieleza kwa sentensi mbili. Msichana mmoja alikuwa amemvua ushungi mbele ya darasa zima ili watu waone kidevu chake, huku anaimba "jikedume". Yeye akampiga kofi. Mama alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Ni kweli zipo tafiti zilizoona wasichana wenye CAH wana wepesi wa mwili na ukali unaozidi kidogo ule wa dada zao, na sitaki kulificha jambo hilo. Lakini msichana yeyote wa kidato cha pili, mwenye tezi nzima au mbovu, akivuliwa ushungi darasani, nadhani mkono wake utatoka. Tukiyapeleka mambo yote kwenye homoni tunapoteza nafasi ya kuuliza kilichotokea.

Nimewahi kuulizwa na wauguzi wenzangu: hivi kweli ni homoni, au wazazi walimlea kama mvulana kwa sababu ya yale maumbile ya kuzaliwa? Swali hili limechunguzwa. Mwaka 1992 Sheri Berenbaum na Melissa Hines walichapisha utafiti uliowaweka watoto chumbani na midoli ya aina zote, wakaona wasichana wenye CAH wanatumia muda mwingi zaidi na magari na vifaa vya kujengea kuliko ndugu zao wa kike wasio na ugonjwa. Mwaka 2005 Vickie Pasterski na wenzake wakawatazama na wazazi. Kama malezi ndiyo yangekuwa chanzo, wazazi wangeonekana wakiwasukuma mabinti hao kwenye magari. Ikawa kinyume: wazazi waliwahimiza zaidi mabinti wenye CAH wachezee vitu vya kike, kuliko walivyowahimiza mabinti zao wengine. Na bado mabinti walirudi kwenye magari. Nilipousoma utafiti ule niliona faili letu lote mle ndani. Homoni zilimfikia tumboni, zikamwachia mapendeleo fulani, na miaka yetu yote ya kuhimiza mwiko haikumbadilisha hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba alijifunza kutuficha.

Na lile swali la herufi ndogo? Mama alistahili jibu la kweli. Tulimpa takwimu za Dessens na wenzake, waliokusanya mwaka 2005 taarifa za wagonjwa 250 wa CAH wenye kromosomu XX waliolelewa kama wasichana. Kati yao 237 walijiona ni wanawake bila taabu, wengi wakiwa na mapendeleo ya kiume ya kila aina. Waliobaki 13 walikuwa na shida kubwa na jinsia waliyolelewa. Kwa hiyo kupenda mpira si dalili ya kugeuka, na hapohapo huwezi kumwambia mzazi kwamba haitokei kabisa. Wapo wachache, na hao wachache wanahitaji kusikilizwa kuliko mtu mwingine yeyote. Njia ya kujua ni kumwuliza mhusika, peke yake, mlango umefungwa, na kuwa tayari kwa jibu lolote.

Tulimwuliza. Tulikuwa mimi na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, dada mmoja mpole asiye na haraka. Kabla ya yote binti aliuliza kama wanafunzi watakuja. Sikuelewa. Kumbe tangu utotoni amekaguliwa maumbile mbele ya wanafunzi wa udaktari mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba ruhusa, na alidhani kila mlango wetu ukifungwa ndiyo wanakuja. Tulimwambia hapana, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayemkagua bila yeye kusema ndiyo. Tuliandika hivyo kwenye jalada la faili kwa wino mwekundu.

Kisha akazungumza. Alisema hajawahi kutaka kuwa mvulana. Wavulana wa mtaani kwao hawampendezi hata tabia zao. Anataka kucheza mpira, anataka kusoma mpaka chuo, kuolewa hajui, hajafikiria. Tukamwuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akasema hapana, amewahi kufikiria kutoroka kwenda kwa shangazi yake Tanga. Tukamwuliza kitu gani kinamwumiza kuliko vyote, tukidhani atataja maumbile au yule msichana wa darasani. Akasema: "Mama anavyoniangalia mikono. Kila nikimpa kitu, ananiangalia mikono kama imeota malaika." Malaika ni vile vinyweleo vidogo vya mwilini. Maneno haya, kwa ruhusa yake, nilimfikishia mama jioni ile. Hakujibu. Alitazama chini, kwenye mikono yake mwenyewe.

Nilimwambia binti habari ya dawa upya, kana kwamba hajawahi kuisikia, na kwa kweli alikuwa hajaisikia. Nilimwambia kwamba mwanzoni hakukuwa na kidonge hiki kabisa, na watoto wanaopoteza chumvi kama yeye walikuwa wanakufa kama alivyokufa kaka yake. Mwaka 1950 ndipo Lawson Wilkins, daktari wa watoto huko Baltimore, Marekani, alipoonesha kwamba kotisoni, dawa ya jamii ya kotisoli, inaweza kuzituliza tezi hizi. Dawa inaweka ndani ya mwili kile ambacho mwili wa kila mchezaji mwingine uwanjani unakitengeneza wenyewe. Bila hiyo atachoka kipindi cha kwanza, na siku akiharisha au akipata malaria anaweza kupoteza maisha kwa saa chache. Uchovu ule alioukimbia, ule wa "kukaa ndani", ndio ulioletwa na kutomeza. Aliuliza maswali mengi, yote ya mpira. Nikamjibu yote.

Nyumbani palikuwa na mambo mawili zaidi. Bibi, mzaa baba, alikuwa ameshaamua kwamba ni kosa la mkwewe. Alikula nini, alipita wapi, alimdharau nani? Mama aliyabeba maneno haya kwa miaka 14, na hata baba hakuwa amemsemea. Nilikwenda nyumbani kwao siku ya Jumamosi nikamwomba bibi kunde na choroko, tukakaa mkekani. Nikampa mama kunde moja na choroko moja, na baba vivyo hivyo. Choroko ndiyo jeni yenye hitilafu. Kila mzazi anayo moja, na kwa kuwa ana kunde ya kuifidia haumwi. Kila mimba, mama anatoa punje moja na baba anatoa moja, bila kuchagua, na mtoto anaumwa choroko mbili zikikutana. Tulicheza mara nyingi. Kila choroko mbili zilipokutana bibi alinyamaza. Baada ya muda akamwambia mwanawe, si mkwewe: "Kumbe na wewe umo." Baba akasema, "Nimo, mama." Mkwe mwenyewe, aliyekuwa ameinuka kuleta chai, alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na hakuingia mpaka walipomwita.

La pili lilikuwa la mjomba, mwalimu wa madrasa, aliyeshikilia kwamba huyu ni huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake hayaoneshi wazi kama ni mwanamume au mwanamke, na hukumu yake iangaliwe upya. Simlaumu naye. Neno hilo liko kwenye vitabu vya fiqhi, sheria za Kiislamu, tangu zamani, hasa kwenye mirathi, na wanazuoni walilijadili kwa uangalifu kuliko watu wengi wa leo, wakitazama dalili, na hedhi ni mojawapo. Daktari alimwonesha picha ya ultrasaundi, kizazi na mayai. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, akasema tusubiri. Nchi jirani ya Kenya iliwahesabu watu wenye jinsia tata kwenye sensa ya 2019, wakaandikishwa 1,524, na mazungumzo ya haki zao pale yamefika mbali. Ni mazungumzo muhimu. Kwa binti huyu hata hivyo shida haikuwa cheti wala jina.

Palikuwa pia na suala la upasuaji. Alipokuwa mchanga familia iliwahi kushauriwa afanyiwe upasuaji wa kurekebisha maumbile, na haukufanyika kwa sababu fedha hazikuwepo. Madaktari wenyewe hawajakubaliana juu ya upasuaji wa utotoni. Mimi nina msimamo wangu: nimefurahi kwamba uamuzi huo bado uko mikononi mwake. Lililokuwa la lazima ni kuhakikisha damu ya hedhi itakuwa na njia ya kutokea, na daktari wa upasuaji alithibitisha, kwa uchunguzi mmoja, binti akiwa ameridhia na mama akiwa pembeni.

Shuleni tulikwenda mimi na afisa ustawi. Hatukuwaeleza maumbile, hilo ni lake. Tuliwaeleza kwamba ana ugonjwa wa tezi, anahitaji kumeza dawa saa saba mchana, ruhusa ya kwenda na maji na vitafunwa vya chumvi, na kwamba akizimia achomwe sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na akimbizwe hospitali. Mwalimu wa zamu aliandika kila kitu kwenye daftari lake. Habari ya ushungi tulimwachia mkuu wa shule, naye aliisikiliza mpaka mwisho. Nyumbani mama alijifunza kuchoma sindano hiyo kwa kutumia chungwa, na kukumbuka kwamba homa ikifika nyuzi 38.5 dozi inakuwa mara mbili au tatu mpaka homa ishuke. Ndevu za kidevuni zilitolewa kwa uzi na binamu yake anayefanya kazi saluni. Lilikuwa jambo dogo mno kwetu sisi wataalamu, hatukuwahi hata kulifikiria, na sidhani kama kuna kitu tulichofanya kilichompa nafuu haraka kuliko hicho.

Ilichukua miezi saba. Sodiamu ilikaa sawa ndani ya wiki, testosteroni ilishuka taratibu, weusi wa vifundo ukafifia. Sauti imebaki ilivyo. Kimo pia: androjeni zilimrefusha mapema zikaifunga mifupa mapema, na sentimita 149 ndiyo atakayokuwa nayo. Mwezi wa saba alivunja ungo. Mama alipiga simu usiku, akacheka, akalia, akanipa bibi, bibi naye akapiga kigelegele kwenye simu mpaka sikio likaniuma. Mjomba alipelekewa habari na hakulirudia tena lile neno. Ubishi ukahamia kwenye unyago: bibi anataka kungwi aitwe na mwali akae ndani siku zake zote, mwali anasema ana mechi. Walikubaliana siku tatu, na somo awe yule binamu wa saluni. Mimi sikuingilia.

Siwezi kusema mambo yamenyooka. Kidonge cha mchana bado anakikosa mara mojamoja, tunaona kwenye damu. Yule msichana wa darasani hajaomba radhi. Mama amejizuia kumtazama mikono lakini amehamia kumtazama miguu, na wanagombana kuhusu makovu. Kwenye faili nimefuta ile safu ya "tabia za kike" kwa rula, na badala yake nimeandika: usingizi, shule, marafiki, anachokihofia, dawa alizokosa na sababu. Wauguzi wawili wageni wameniuliza kwa nini nimeharibu fomu.

Mwaka 2022 timu ya wasichana wa Tanzania chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India, baada ya kuifunga Ufaransa 2–1 kwenye makundi. Binti ana picha yao kwenye jalada la daftari la hisabati. Kliniki iliyopita alikuja moja kwa moja kutoka mazoezini, matope yamekauka kwenye soksi, ushungi umerudi nyuma mahali pake. Alitoa shikamoo kwa sauti yake nzito, chumba kizima kikasikia. Hakukaa. Amechaguliwa timu ya wilaya ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kambi ni wiki mbili, na alikuwa na swali moja tu: ile sindano ya dharura kambini ataitunza nani, yeye au mwalimu wa michezo, na je, haiharibiki kwa joto la bwenini? Nilivuta karatasi tukaanza kuandika barua, yeye akinitajia jina la mwalimu, herufi kwa herufi, nisikosee.